Ganda la mzinga la bibi lina "mguu wa kuku" na maandishi 18 PR. Ni la Mjerumani au la nani?

#1 Ng'wana Bukumbi
Wakuu, mwangaluka.

Kwa bibi yangu Bukumbi, Misungwi, kuna ganda la mzinga la brasi ambalo nimelikuta tangu napata akili. Bibi anatwangia humo tangawizi na iliki, mchi wake ni ekseli ya baiskeli. Nimelipima kwa rula ya mtoto: urefu sentimita 29 na nusu, upana wa mdomo kwa ndani 8 na nukta kadhaa. Mdomo umebonyea upande mmoja kwa sababu mjomba aliwahi kulifanya nyundo.

Hadithi ya ukoo ni kwamba Wajerumani walipokimbia Mwanza mwaka 1916 waliliacha njiani, babu mzaa babu akaliokota. Juzi kapita kijana wa skrepa na mzani wake wa kuning'iniza, akaahidi elfu ishirini. Bibi akamtimua na mwiko. Hapo ndipo nikasema ngoja niligeuze nisome kitako. Nimekuta hivi:

18 PR, chini yake II. Herufi CF, zimegongwa mara tatu sehemu tofauti. EOC. 1916. Kuna alama kama unyayo wa kuku, vidole vitatu. Halafu pembeni kuna nyayo mbili nyingine zinatazamana, ncha kwa ncha.

Bibi anasema hizo nyayo ni kinga, fundi aliliwekea dawa, ndiyo maana miaka yote hakuna mwizi aliyeligusa. Wajuvi wa vita vya zamani, hizi alama zinasema nini?

#2 Dagaa Mkavu
Naweka kambi hapa. Mwenye kahawa na kashata apitishe.

#3 Profesa wa Igogo
Rahisi sana hiyo. PR ni Prussia, dola mama ya Mjerumani. 18 ni namba ya kikosi. II ni batalioni ya pili. 1916 ndio mwaka waliokimbia. Hadithi ya ukoo wenu ni ya kweli asilimia mia, funga uzi.

#4 Mzee wa Heller
Profesa, shuka kwanza kwenye hilo jiwe, utaanguka.

PR ni kifupi cha "pounder", ratili kwa Kiingereza, yaani mzinga wa ratili 18. Waingereza walikuwa wanaita mizinga yao kwa uzito wa kombora. Kombora la huu lilikuwa ratili kumi na nane na nusu, kama kilo 8.4. Kipenyo chake milimita 83.8, ndiyo hiyo "8 na nukta kadhaa" ya mleta uzi. Mjerumani alipima kwa sentimita: mzinga wake wa kawaida wa uwanjani ulikuwa 7.7, na kitako cha ganda lake kingeandikwa jina zima la kiwanda, kama POLTE MAGDEBURG au PATRONENFABRIK KARLSRUHE, na mwezi kwa Kijerumani.

II ni toleo la pili la ganda. CF ni baruti ya kordaiti, kipimo kamili. Mguu wa kuku ni mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Hakuna mganga hapo, mwambie bibi pole.

#5 Ng'wana Bukumbi
Pole yako siwezi kuifikisha mkuu, naupenda uhai wangu.

#6 Kinana wa Kirumba
EOC ni East African Ordnance Company, kiwanda chao kilikuwa Nairobi.

#7 Mzee wa Heller
Hapana. Elswick Ordnance Company, Newcastle, kampuni ya Armstrong. Ungekuta RL ingekuwa Royal Laboratory ya Woolwich, K ni Kynoch, VSM ni Vickers. Na hata herufi zako hazijumliki, "African" umeiweka wapi?

#8 Kinana wa Kirumba
Niliiweka mfukoni. Nimekubali.

#9 Shangazi Nansio
Samahani kuingilia wazee. Mleta uzi, kabla hamjafika mbali na viwanda: katikati ya kitako kuna kiwashio, kile kiduara kama skrubu kubwa. Kipo au ni tundu tupu? Na kama kipo, kina kishimo cha kugongwa?

Nauliza kwa sababu bibi anatwanga humo kila siku. Kama kilishagongwa, kilishawaka. Kama hakina alama, bibi anatwanga tangawizi juu ya kitu ambacho kilitengenezwa kiwake kikigongwa.

#10 Dagaa Mkavu
Kahawa imenipalia.

#11 Ng'wana Bukumbi
Nimempigia binamu, ameenda na tochi. Kipo, na katikati kina kishimo kama cha kichwa cha msumari. Kwa ndani anasema hakuna kitu ila masizi na harufu ya iliki. Asante shangazi, nilikuwa nimekaa nikasimama.

#12 Profesa wa Igogo
Sawa, Prussia nimeiacha. Lakini bado ni vita ya 1916. Waingereza waliingia Mwanza tarehe 14 Julai 1916 chini ya jenerali Crewe, baada ya kuchukua Ukerewe mwezi Juni. Ganda ni la 1916. Wamepiga Bukumbi, wamepita, ganda likabaki. Hadithi ya ukoo imekosea taifa tu.

#13 Mzee wa Heller
Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Mwaka kwenye kitako ni mwaka wa kutengenezwa, siyo wa kupigwa. Na zile CF tatu ungezisoma vizuri: ganda la brasi halitupwi, linarudishwa kiwandani, linanyooshwa, linajazwa upya, na kila likijazwa linagongwa alama nyingine. CF tatu maana yake lilijazwa zaidi ya mara moja. Sasa litoke Newcastle 1916, lipigwe, lirudi Uingereza, lijazwe, lipigwe tena, lirudi tena, halafu Julai hiyo hiyo liwe Bukumbi? Meli gani hiyo?

#14 Omwami wa Kamachumu
Nawasalimu kutoka ng'ambo ya kistaarabu ya ziwa.

Niongeze la kwetu Bukoba. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walishuka kule, wakalipua mnara wa redio wa Mjerumani. Walikuja na betri ya milimani kutoka India, mizinga ya ratili 10. Ile ilikuwa inatumia baruti ya kwenye mfuko, ganda halikuwepo kabisa. Unapiga, mfuko unaungua wote. Kwa hiyo kila anayewauzia "ganda la vita ya Bukoba la ratili 10" anauza hewa. Wapo, na wanauza ghali.

#15 Kinana wa Kirumba
Mhaya kaingia, uzi umepata shahada.

#16 Omwami wa Kamachumu
Tatu, tafadhali.

#17 Mzee wa Heller
Omwami yuko sahihi, na hata Mjerumani alikuwa na mizinga ya kizamani ya mwaka 1873 ya namna hiyo, inafuka moshi mweusi kama tanuri la chokaa, haiachi brasi. Brasi ya Mjerumani unayoweza kuikuta huku ni vile viganda vidogo vya 3.7, na yale makubwa ya 10.5 ya manowari Königsberg. Ile meli ilizamishwa delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ikaopolewa, ikafungwa magurudumu ikazungushwa nchi nzima, mmoja ukafika hadi Mwanza. Mwingine uko Fort Jesus pale Mombasa, nendeni mkauone. Maganda ya meli hutafutwa sana na wakusanyaji kwa sababu yana taji juu ya herufi M, alama ya jeshi la majini la Kaisari.

Na mjue kwa nini ni adimu. Mwaka 1916 Mjerumani aliishiwa sarafu, akaanza kugonga za kwake pale Tabora kwenye karakana ya reli. Heller 20 zenye herufi T chini zilitengenezwa kwa brasi na shaba iliyopatikana, yakiwemo maganda ya mizinga. Dhahabu ya Sekenke ikatoa ile rupia 15 yenye tembo. Kwa hiyo ukiwa na heller 20 ya Tabora mfukoni, huenda umeshika mzinga na hujui. Mimi ninazo sita.

#18 Dagaa Mkavu
Sasa nimeelewa jina lako. Miaka yote nilidhani wewe ni mzee wa hela, nikawa nakuheshimu.

#19 Baharia wa Kamanga
Mnasahau kwamba meli nzima ya silaha ilitia nanga Mwanza mwaka 1915 imejificha kwa bendera ya Denmark. Babu yangu alihadithia. Silaha zake ndizo hizo.

#20 Omwami wa Kamachumu
Meli kutoka Ulaya itie nanga Mwanza? Ilipandaje ziwani, kwa lifti?

Unaongelea Rubens. Ilifika Aprili 1915 kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manza, si Mwanza. Herufi moja tu umehamisha bahari ya Hindi. Na ilibeba silaha za Mjerumani, haiwezi kuleta ganda lenye mguu wa kuku.

#21 Baharia wa Kamanga
Basi babu alikuwa Tanga. Naye hakuwa mtu wa kukaa sehemu moja.

#22 Mjukuu wa Keya
Habari zenu. Mimi nina nadharia nyingine. Babu yangu, Magu, alikuwa keya (askari wa KAR, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki) vita ya pili, alipelekwa Burma. Alirudi na ganda lililoandikwa 25 PR, lile la mzinga wa ratili 25. Hadi leo linaning'inia mwembeni kanisani kwao ndio kengele, likigongwa kwa nati kubwa unalisikia hadi barabara ya lami. Hawa vijana walipita Ethiopia, Madagaska, Burma, walirudi na vitu vingi kwenye masanduku yale ya bati. Ratili 18 nazo zilikuwa bado zinatumika vita ya pili ilipoanza. Mleta uzi, kwenye ukoo wenu hakuna aliyekwenda keya?

#23 Ng'wana Bukumbi
Mkuu hakuna. Babu mzaa baba alikuwa mpishi wa mapadre misheni ya Bukumbi. Babu mzaa mama mvuvi.

#24 Shangazi Nansio
Mpishi wa mapadre! Na wewe umeficha hilo hadi posti ya 23?

Misheni ya Bukumbi ni ya tangu 1883, Mapadre Weupe. Vita ya kwanza ilipokwisha huko Ulaya, watu walichukua maganda haya kwa maelfu wakayatengeneza vasi, wengine wakayaweka altareni na maua. Wanajeshi wenyewe waliyachora mahandakini kwa msumari kupoteza muda. Padre akija huku miaka ya ishirini na vasi yake sandukuni ni jambo la kawaida kabisa. Na mpishi ndiye mrithi wa vyombo vyote vilivyochoka. Mleta uzi, angalia ubavuni kama kuna michoro.

#25 Pikipiki ya Kyaka
Wakuu kwa vile mnajua kusoma, nisomeeni na mimi. Shamba la shemeji, upande wa Kyaka, jembe limegonga kitu. Sio brasi, ni chuma cha rangi ya kijivu, kina ncha na mkanda wa shaba kiunoni. Kimeandikwa kwa rangi herufi H, na namba 122. Nimekiegemeza ukutani nikisafishe nipige picha nzuri.

#26 Shangazi Nansio
USIKISAFISHE. Toka hapo. Watoe watoto na mbuzi.

#27 Mzee wa Heller
Sikiliza kijana. Hilo si ganda, ni kombora lenyewe. Hiyo siyo H, ni N ya Kirusi, inaonyesha kombora lina uzito wa kawaida. Yakiwa mazito kidogo huwekewa alama za kujumlisha, mepesi za kutoa, ili mpigaji arekebishe shabaha. 122 ni kipenyo kwa milimita. Hilo ni la vita ya Amin, 1978 na 1979. Mkanda wa shaba ukiwa na mikwaruzo ya mshazari, lilipigwa na halikulipuka, na hilo ndilo baya kuliko jipya. Usilirudishe shambani, usilisogeze tena. Weka matawi kuzunguka kwa mbali, nenda polisi, wataita jeshi.

#28 Omwami wa Kamachumu
Ngara mwaka 2017 watoto wa shule walikufa kwa bomu ambalo mwenzao aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Mkoa wetu huu huu. Pikipiki, tujibu.

#29 Pikipiki ya Kyaka
Nimetoka. Shemeji ameenda kwa mwenyekiti. Mimi niko kwenye mwembe mita kama mia mbili na simu ina asilimia tisa.

#30 Dagaa Mkavu
Ongeza mia nyingine, simu tutakuchangia.

#31 Kinana wa Kirumba
Kwa kuwa tumegusa vita ya Amin: mzee wangu ana kipande cha bomu la Saanane. Ile ndege ya Libya, Machi 1979, ilitumwa kupiga matenki ya mafuta hapa Mwanza ikakosa, ikaua swala kisiwani. Kinaweza kuwa na alama?

#32 Mzee wa Heller
Bomu la ndege halina ganda, linabaki vipande. Kipande kisicho na herufi hakina ushahidi zaidi ya mdomo wa mzee wako. Usikiuze kwa jina hilo.

#33 Kinana wa Kirumba
Swala wangesema, ila ndio hivyo.

#34 Fundi Makoroboi
Mimi ni mtu wa bati na brasi, nasoma tangu jana. Mmepita haraka kwenye zile nyayo mbili zinazotazamana. Hebu mzee wa sarafu aseme.

#35 Mzee wa Heller
Fundi umenishika. Mishale miwili ncha kwa ncha maana yake serikali imekitoa kwenye mali zake, kimeuzwa. Aliyenacho hajaiba.

#36 Fundi Makoroboi
Basi mimi nashinda. Liliuzwa kama chakavu. Eneo letu limepata jina kwa koroboi zilizokuwa zikitengenezwa hapa, na mafundi wa zamani walinunua kila brasi iliyokuja kwa reli. Marehemu mwalimu wangu alikuwa akikata maganda kama hayo kutengenezea midomo ya taa na bakuli za mizani. Yale yaliyokuwa mazima yaliuzwa kama vinu, sababu kinu cha brasi hakinyonyi harufu. Utatwanga vitunguu saumu leo, kesho iliki, hakuna ugomvi. Hakuna vita wala padre hapo. Bibi yenu alinunuliwa kinu sokoni.

#37 Shangazi Nansio
Fundi, liliuzwa, sawa. Ila liliuzwa wapi? Hata padre angeweza kulinunua kwao likiwa limeshagongwa mishale miwili. Alama inasema lilitoka jeshini kihalali. Njia ya kufika Bukumbi haimo.

#38 Mjukuu wa Keya
Hata keya angeweza. Simuachii mtu.

#39 Ng'wana Bukumbi
Nimerudi wakuu, nilikwenda mwenyewe kwa bibi jana Jumapili.

Kwanza nimeuliza kuhusu padre. Bibi anasema kweli babu alikuja nacho kutoka misheni. Nikafurahi. Mjomba aliyekuwa amekaa pale akadakia kwamba si kweli, kililetwa na babu kutoka mjini mwaka alionunua baiskeli, anakumbuka kilifungwa kwenye keria pamoja na debe la mafuta ya taa. Wakaanza kubishana mwaka gani baiskeli ilinunuliwa, mimi nikabaki nakula viazi.

Pili, michoro. Nimechukua ndimu na majivu nikasugua ubavu ambao hausuguliwi, upande unaolalia ukuta. Shangazi, ipo. Ni vidoto vidoto vya msumari, vinafanya kama jani, na chini yake herufi A na R. Inayofuata imelika pale mdomo ulipobonyea, siwezi kuisoma.

#40 Shangazi Nansio
ARRAS! Mji wa Ufaransa, Waingereza walipigana hapo 1917. Askari wengi walichora jina la mahali. Ganda la 1916, limejazwa tena, likapigwa 1917. Inakaa sawa kabisa.

#41 Fundi Makoroboi
Au ARUSHA. Vidoto vya msumari hata mimi napiga, mteja akitaka jina.

#42 Profesa wa Igogo
Au ARTILERI.

#43 Mzee wa Heller
Profesa pumzika. Mleta uzi, pima nafasi kati ya A na R, halafu pima toka R hadi mwisho wa sehemu iliyobonyea. Tutajua zilikuwa herufi ngapi. Na vidoto viangalie kwa kioo: kama ndani ya vidoto kuna weusi ule ule wa zamani, ni vya kale. Kama ni vya rangi tofauti na brasi inayovizunguka, vilipigwa baadaye.

#44 Ng'wana Bukumbi
Kuna tatizo jingine. Babu alibatizwa Aron.

#45 Dagaa Mkavu
Nimeanguka kwenye kiti.

#46 Mjukuu wa Keya
Aron mwenyewe hakuwa keya kweli? Uliza tena.

#47 Pikipiki ya Kyaka
Wakuu nashukuru. Wanajeshi walikuja jana, wakalilaza kwenye mchanga kama yai, wakaenda kulilipulia mbali. Kioo kimoja cha shemeji kimepasuka. Wameniuliza nani alinifundisha kwamba ile H ni N, nikasema watu wa tangawizi.

#48 Shangazi Nansio
Mungu mkubwa. Mleta uzi, vipimo vya herufi viko wapi?

#49 Ng'wana Bukumbi
Bibi amelichukua. Anasema ndimu yangu imelitia uchungu, chai ya leo haikunyweka, na nikiligusa tena nitalala misheni. Binamu ameahidi kupima akilala.